Klarineti saba mbovu na bodi iliyotaka mpya

Mimi ni daktari hapa Dar, na muziki wa klasiki naupenda toka utotoni kule Moshi. Kanisani kwetu kulikuwa na kikundi cha tarumbeta, baba alikuwa anapiga tuba, kwa hiyo koral za Bach, zile nyimbo za kanisani, nilizijua hata kabla sijajua Bach ni nani. Klarineti, ile ala ndefu ya kupuliza ya mbao nyeusi, ilikuja sekondari, mwalimu mmoja alituwekea kaseti ya konseto ya klarineti ya Mozart, ile aliyoandika 1791 mwaka huohuo aliofariki, ilipofika sehemu ya polepole mimi nikawa sisikii kingine. Baada ya kipindi nikamfuata nikamwambia mwalimu naomba unifundishe hicho chombo, akaniazima chake cha zamani.

Intern ndo kidogo initenganishe nacho, karibu miaka miwili kiko uvunguni. Kilichoniokoa ni dakika 20. Nilishajaribu saa nzima kwa siku, haiwezekani. Nafika hospitali saa 12 kasoro asubuhi, napaki kule nyuma kwenye jenereta mbali na wodi, napiga skeli, zile noti za kupanda na kushuka, na ukurasa mmoja tu wa muziki humohumo ndani ya gari, halafu naenda raundi. Na klarineti nashuka nayo, maana ukiiacha kwenye gari na jua la Dar inapasuka.

Sasa miaka sita iliyopita nikaombwa kuingia bodi ya wadhamini ya kikundi kinachofundisha watoto muziki. Kikao changu cha kwanza nakuta ajenda iko mezani, klarineti 7 kati ya 11 za msaada zimekufa, tufanye hafla hotelini tuchangishe hela za mpya. Karibu wote walishakubali. Nikasema mwenyekiti naomba niondoke na moja mpaka kikao kijacho.

Nyumbani nikakata kipande chembamba cha karatasi ya sigara, nikakiweka chini ya pedi, kile kisahani laini chini ya kitufe kinachoziba tundu la klarineti, nikafunga kitufe, nikavuta taratibu. Pedi nzima inaishika karatasi, pedi mbovu karatasi inateleza tu inatoka. Nikazima taa nikaingiza tochi ndogo ndani ya bomba, mwanga ukawa unachungulia pembeni ya pedi tano. Mbao yenyewe haina hata mkwaruzo. Na ule ni mpingo jamani! Mti wa kwetu huu, Kilwa na Lindi huko, unakua zaidi ya miaka 70 ndo ukomae, unasafirishwa Ulaya unarudi klarineti, halafu tuutupe kwa sababu ya vipedi vilivyoliwa na unyevu? Iliniuma sana.

Kikao kilichofuata sikuongea sana, nilimpa mhasibu wetu karatasi avute mwenyewe, kwanza kwenye klarineti yangu halafu kwenye ile mbovu. Yule mama akavuta, akarudia, akaniuliza, "Daktari, kwa hiyo hii haijafa?" Nikamwambia mama haijafa, inavuja pumzi tu.

Haikuisha siku hiyo. Mjumbe mmoja alisema wafadhili hawatapiga picha na pedi, na kiukweli ana pointi, vikao viwili vizima tulibishana hilo. Mwisho hafla ikabaki ila sehemu kubwa ya hela ikaenda kwenye pedi, koki za kuzungushia viungo na gundi, na kumlipa mzee mmoja fundi wa saksofoni za bendi za dansi awafundishe vijana wetu watatu. Mimi nikaleta faili, kila chombo na faili lake kama mgonjwa, tarehe, tatizo, nani kakishika, kimepewa matibabu gani, na kabla ya hapo hakuna aliyekuwa anajua chombo gani kiliharibika lini.

Sita zimepona. Ya saba ina ufa kiungo cha juu umepita kwenye matundu mawili, hiyo tumeiacha mezani watoto waifungue na kuifunga wajifunze. Jumamosi iliyopita binti wa darasa la sita alibadilisha pedi yake ya kwanza peke yake, akaweka karatasi, akavuta, ikashika, akanisogezea klarineti na mimi nivute.