Utovu wa adabu, rushwa au ubaguzi? Jina tunalolipa jambo la bosi kumshika mfanyakazi

Neno "unyanyasaji wa kijinsia" limebebeshwa mizigo mingi mno. Ofisini Posta, katikati ya Dar es Salaam, mmoja analitumia kwa kipigo cha mume, mwingine kwa mshahara wa mwanamke ulio chini ya wa mwenzake wa kiume, wa tatu kwa meneja anayemshika mtu kiuno kwenye lifti. Hili la tatu nitaliita unyanyasaji wa kingono. Sichagui neno kwa urembo: jina ndilo linaloamua nani atapokea malalamiko, atadai ushahidi gani, na siku ngapi zimebaki.

Wengi wetu Dar, wanawake kwa wanaume, tunaanzia kwenye adabu. Bosi "hana heshima", basi atafutwe mtu mzima azungumze naye pembeni. Njia hii haidharauliki, maana mara nyingine inakomesha matusi siku hiyo hiyo bila karatasi. Ubaya wake ni kwamba adabu huwapima wote wawili. Punde si punde kikao kinajadili sketi ya binti aliyelalamika, kicheko chake, na kwa nini alikubali lifti ya gari hadi Mbagala siku ya mvua. Tena adabu hiyo hiyo inamfundisha mdogo asimkatalie mkubwa usoni. Binti anajibu "nitakuambia, bosi", au "ngoja kwanza mwezi uishe", au anaanza kumwamkia shikamoo makusudi ili kumkumbusha umri. Zote hizo ni hapana, na aliyekulia hapa anazielewa. Kisha anaulizwa: "Mbona hukumkatalia?"

Akilalamika kwa sauti, anaambiwa ameleta mambo ya Beijing. Mkutano ule wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake wa 1995, ambao katibu mkuu wake alikuwa Mtanzania mwenzetu, Gertrude Mongella, umegeuzwa kuwa neno la kunyamazishia watu, kana kwamba watetezi wa wanawake wote wana kauli moja. Hawana.

Jina lenyewe la Kiingereza, sexual harassment, lilienezwa mwaka 1975 mjini Ithaca, Marekani, na wanawake waliomtetea Carmita Wood, karani wa Chuo Kikuu cha Cornell aliyeacha kazi kwa kusumbuliwa na profesa kisha akanyimwa mafao ya ukosefu wa ajira. Mwaka 1979 mwanasheria Catharine MacKinnon alijenga hoja kwamba usumbufu wa aina hii ni ubaguzi wa jinsi, na mwaka 1986 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaikubali. Mwanasheria mwingine, Vicki Schultz, alikuja na ukosoaji wake mwaka 1998: tumekazia macho ngono mno, wakati manyanyaso mengi hayana tamaa ndani yake. Lengo la manyanyaso hayo ni kumfukuza mwanamke kwenye kazi ambayo wanaume wanaiona yao. Fundi wa kike gereji akifichiwa spana na kupewa maelezo ya uongo kuhusu injini, hakuna aliyemtongoza, lakini kazi inamshinda vilevile. Halafu Januari 2018 wanawake wapatao 100 wa Ufaransa, Catherine Deneuve akiwemo, walitoa waraka wakitetea uhuru wa mwanamume kujaribu bahati yake.

Mimi nakubaliana na waraka huo nusu tu: kutongoza si kosa. Lakini anayesaini mkataba wako, anayepanga zamu na anayejaza fomu ya tathmini hajaribu bahati kama kijana wa mtaani. Hapana yako kwake ina bei. Hoja ya Schultz ndiyo naiona inatufaa zaidi viwandani, gereji na bandarini, na hapa petu huisikii sana.

Sasa sheria zetu. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliingiza kosa la unyanyasaji wa kingono kwenye Kanuni ya Adhabu, na maneno matupu yamo, si lazima uguswe. Unaanzia polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Ila hii ni jinai: kosa lithibitishwe bila kuacha shaka, na tukio la watu wawili chumbani ni gumu kufika huko.

Ngono ikidaiwa ili upewe kazi, cheo au haki yako, hiyo ni rushwa. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinatoa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Simu ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113, bure. Kosa la wengi ni kwenda kwanza kwenye miadi na simu inayorekodi, halafu kuripoti. Ripoti kabla ya miadi, wenye kazi wapange mtego wao. Na usifute meseji kwa kuogopa mwenza ataziona. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba yenyewe na tarehe, siyo jina ulilolihifadhi peke yake.

Njia ninayoipa uzito ni ya ubaguzi. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinahesabu unyanyasaji kuwa ubaguzi, kinamkinga hata mwombaji wa kazi, na hakichagui mwanamke au mwanamume. Mfanyakazi akionyesha dalili za kutosha, mzigo wa kuthibitisha unahamia kwa mwajiri. Hilo ni badiliko kubwa: swali linatoka kwenye sketi na kwenda kwenye kampuni. Mlifanya nini mlipoambiwa?

Kanuni za utendaji bora za 2007 zinakwenda mbali zaidi: unyanyasaji wa kingono, au mwajiri kushindwa kumlinda mfanyakazi dhidi yake, unaweza kutosha kuhesabu kujiuzulu kwake kuwa ni kuachishwa kazi. Hapa ndipo kesi nyingi zinaharibika. Mtu anaandika anaondoka "kwa sababu binafsi" ili aagane vizuri, na barua hiyo inasomwa dhidi yake. Taja sababu. Lalamika kwanza kwa maandishi ndani ya ofisi, isipokuwa kuna sababu ya msingi ya kutofanya hivyo, mfano anayepokea malalamiko ndiye msumbufu. Andika tarehe, saa, mahali, maneno yenyewe kama yalivyotamkwa (siyo "alinitukana"), aliyekuwepo na uliyemsimulia siku hiyo.

Kwa kuachishwa kazi, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) inakupa siku 30. Migogoro mingine, 60. Jaza fomu CMA F1, mpe mwajiri nakala, pata uthibitisho kwamba ameipokea, ndipo uiwasilishe. Siku hazisimami kwa sababu HR "bado wanachunguza". Mtumishi wa umma ana ngazi zake za kupitia kwanza kwenye utumishi.

Sokoni hakuna HR. Shirika la Equality for Growth lilifanya kampeni ya Mpe Riziki Si Matusi kwenye masoko ya Dar, na matusi yale yaliyoitwa utani yakawekewa kanuni na faini. Adabu ile ile, safari hii imeandikwa.

Wahudumu wa baa ndio tunaowasahau. Kanuni ya 2007 inaposema kushindwa kumlinda mfanyakazi, haisemi dhidi ya bosi tu. Mteja wa meza ya kona naye anaweza kuingia humo. Mwenye baa anaweza kuanza leo: zamu zipangwe ili meza ya msumbufu ihudumiwe na mwingine, mhudumu asikatwe mshahara kwa kukataa kukaa na mteja, bili ya meza iliyofukuzwa isimwangukie yeye, na kaunta kuwe na daftari ambalo meneja analisaini kila usiku kabla ya kufunga.