Tulipohamisha mtihani wa mwezi

Machi 2017 darasa la saba lilianguka. Mtihani wa mwezi ulifanyika tarehe 29 na 30, Jumatano na Alhamisi, kama ilivyokuwa desturi ya shule: siku za mwisho wa mwezi, masomo matatu siku ya kwanza, mawili siku ya pili. Mkeka wa matokeo, yaani karatasi yenye alama na nafasi za darasa zima, ulipobandikwa ukutani, wastani wa darasa ulikuwa umeingia daraja D, yaani chini ya alama 21 kwa 50. Darasa hilohilo mwaka uliotangulia, likiwa la sita, lilikuwa likikaa kwenye C bila taabu.

Shule yetu ilikuwa ya kando ya ziwa, wilaya ya Ilemela, Mwanza, karibu sana na mwalo, mahali mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga na kushusha samaki. Mimi nilikuwa nimeshika taaluma, yaani nasimamia masomo na mitihani ya shule. Maswali yakaanza kutoka pande zote: walimu wa darasa la saba wanafanya nini, maandalio ya masomo yanakaguliwa na nani, mbona watoto wale wale wameshuka ghafla? Yalikuwa maswali halali, ila yote yalielekezwa darasani, na tatizo kubwa halikuwa darasani.

Sababu ya kwanza ilionekana kwenye mkeka wenyewe. Mtoto asiyefanya mtihani alikuwa akiandikiwa 0, kisha jumla ya alama inagawanywa kwa idadi ya walioandikishwa. Chukua darasa la watoto 50. Kumi wasipofika, na 40 waliofika wakapata wastani wa 25, darasa litasomeka 20. Limetoka C kwenda D na hakuna hata mtoto mmoja aliyefanya vibaya. Utaratibu ule uliwekwa kwa nia njema, ili mtoto aone uchungu wa utoro. Lakini 0 ni alama ya mtu aliyekaa, akasoma maswali, akakosa yote. Baraza la Mitihani lenyewe humwandikia asiyefika X, na lina haki.

Sababu ya pili ilikuwa kwenye rejista. Ukifungua kurasa za Januari, Februari na Machi ukazisoma pamoja, alama za utoro hazikutawanyika hovyo. Zilirundikana juma la mwisho la kila mwezi, kwa watoto walewale, wengi wao wasichana. Nikaichukua rejista ya 2016. Rundo lilikuwepo vilevile, ila lilikaa mwanzoni mwa mwezi, wakati ambao hatukuwa tukifanya mtihani wowote. Ndiyo maana mwaka ule halikumsumbua mtu.

Kwenye kikao cha kamati ya shule cha Aprili, mjumbe mmoja, mama mwanikaji wa dagaa, alisikiliza maelezo yote ya utoro mpaka mwisho, ndipo akasema: "Mwalimu, mtihani wenu mnauweka kwenye giza. Uwekeni kwenye mbalamwezi, halafu muone kama watoto hawaji."

Kwa asiyeujua mwalo, mambo yako hivi. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Taa huachwa zielee juu ya maji, dagaa hufuata mwanga, wakishakusanyika wavu unazungushwa na kuvutwa. Mbalamwezi ikiwa kali, ziwa zima lina mwanga, taa haiwavuti tena. Kwa hiyo siku kadhaa za mwezi mpevu mitumbwi hutulia, watu hushona nyavu na kuziba mitumbwi inayovuja. Giza likikolea, kazi inakuwa ya kila usiku. Mitumbwi inarudi asubuhi, na dagaa wabichi hawasubiri: lazima watandazwe mchangani, kwenye mawe au kwenye vichanja mapema ili wapate jua la kutwa, wageuzwe, waanuliwe jioni. Kuanzia Machi hadi Mei ni masika, na hapo ndipo mikono ya watoto inapotakiwa zaidi. Wingu likipanda kutoka ziwani, dagaa wote waliotandazwa lazima wakusanywe na kufunikwa turubai kwa dakika chache. Wakilowa wakiwa nusu wakavu wanaharibika, na bei yao inakuwa ya chakula cha kuku. Ukiongeza kunguru na yangeyange wanaoshinda wakiiba, mama mwenye vichanja vitatu hawezi kubaki peke yake. Anambakiza binti.

Sisemi kwamba ni sawa. Mtoto wa darasa la saba mahali pake ni shuleni, giza liwepo lisiwepo, na kamati ililisema hilo wazi siku ileile, mwenyekiti akawaagiza wajumbe wa mwaloni wafuatilie nyumba kwa nyumba. Lakini kupambana na utoro ni kazi ya miaka. Tarehe ya mtihani wa ndani ya shule ilikuwa mikononi mwetu, na tuliweza kuibadilisha palepale.

Tukaangalia kalenda ya msikitini. Mwezi unapevuka karibu tarehe 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu, kwa hiyo kalenda ile inakupa mbalamwezi za mwaka mzima bila kuuliza mtu. Aprili ilikuwa imekatwa na Pasaka na likizo fupi, hivyo mtihani uliofuata ulikuwa wa Mei. Mwezi ulikuwa unapevuka usiku wa tarehe 10. Tukapanga Jumatano tarehe 10 na Alhamisi tarehe 11. Kalenda hiyohiyo ilieleza pia kwa nini 2016 ilikuwa tofauti: kutoka giza hadi giza ni siku 29 na nusu, kwa hiyo giza hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka. Ratiba nzuri ya mwaka huu haifai mwaka ujao. Inabidi ipangwe upya kila Januari.

Walimu walikuwa na hoja moja ya msingi: mtihani ukija katikati ya mwezi, mada za mwezi hazijakamilika. Tukakubaliana kwamba mtihani upime majuma manne ya kufundisha yaliyotangulia, popote yanapoanzia, na kila mwalimu aandike pembeni ya kila swali mada na juma alilofundisha. Swali lisilo na juma linarudi kwa mtungaji. Sheria hii ndogo iliondoa maswali mengi yaliyokuwa yakinakiliwa kutoka mitihani ya zamani juu ya mada ambazo watoto hawajazigusa.

Darasa la nne na la saba tu ndiyo waliopata mtihani uliochapwa. Madarasa mengine yaliandikiwa ubaoni, na la kwanza na la pili walipimwa kusoma mmoja mmoja, kazi ya kutwa nzima kwa walimu wawili. Kwa darasa la saba, somo moja lilichukua karatasi mbili, masomo matano karatasi 10 kwa mtoto. Watoto 84 ni karatasi 840. Rimu moja ina 500, kwa hiyo ni rimu mbili, na zile 160 zinazobaki si za kupeleka ofisini kwa barua. Ni za kufidia zitakazochanika, kunata au kutoka zimefifia kwenye mashine ya kurudufu.

Kuchapa ndiko kunakoharibu mtihani kuliko watu wanavyodhani. Tulichapisha steshenari, Kirumba. Rasimu ya Hisabati ilirudi ikiwa na swali la eneo la pembetatu, na pembetatu yenyewe haipo. Sehemu 3/4 ilikuwa imekuwa 34. Mchapaji hana kosa kubwa, yeye anaona herufi tu. Ndiyo maana rasimu lazima irudi kwa mtungaji aifanye mwenyewe kwa kalamu, swali la kwanza hadi la mwisho, kabla ya kurudufu nakala hata moja. Akiisoma tu kwa macho ataona alichokusudia kuandika; akikokotoa, 34 itamkwamisha.

Siku ya mtihani shida ni madawati. Dawati moja kwa kawaida lilikaliwa na watoto watatu. Kwa mtihani wanakaa wawili, mmoja kila upande, kwa hiyo darasa la saba lilihitaji vyumba viwili, na darasa la sita likatolewa asubuhi kwenda michezoni na usafi, likarudi saa nane mchana kufanya la kwao. Saa moja na nusu Jumatano, kiranja aliponiletea hesabu, waliokosekana darasa la saba walikuwa watatu: wawili wagonjwa, mmoja alikuwa ameshahamia Ukerewe na wazazi wake bila uhamisho.

Kusahihisha tuliweka watu watatu kwa kila somo. Wa kwanza anasahihisha kwa mwongozo, wa pili anajumlisha upya bila kuangalia jumla ya mwenzake, wa tatu anahamishia kwenye mkeka. Makosa ni yaleyale kila shule: ukurasa wa nyuma kurukwa, jumla kukosewa, na lililo baya kuliko yote, alama za mtoto kuingia mstari wa mwenzake. Darasa lenye akina Mabula watatu na akina Masanja wanne haliwezi kuingizwa kwa majina. Linaingizwa kwa namba ya mtahiniwa, na msomaji anaisoma kwa sauti huku mwandishi akiirudia. Wakilingana alama, wote wawili wanapewa nafasi moja na nafasi inayofuata inarukwa: wawili wakiwa wa 3, anayefuata ni wa 5.

Safari hii asiyefika aliandikiwa X, na wastani ukagawanywa kwa waliofanya. Darasa likarudi C. Lakini nililolithamini zaidi lilikuwa kwenye safu ya Hisabati, ambayo peke yake ilibaki D. Tulipopitia swali kwa swali, walioanguka walianguka kwenye hesabu za sehemu na za eneo. Hilo lilikuwa tatizo halisi la ufundishaji, na mkeka wa Machi ulikuwa umelificha chini ya rundo la sifuri. Mkeka unaochanganya asiyejua na asiyekuwepo haukuambii ufundishe nini Jumatatu. Huu ulituambia. Vipindi vya jioni vya majuma yaliyofuata vilikuwa vya sehemu tu.

Na kulikuwa na mstari mmoja. Kwenye mkeka wa Machi, msichana mmoja alikuwa na 0, 0, 0, 0, 0, na nafasi ya mwisho, imebandikwa ukutani ambapo kila mtu anapita. Mei alikuwa na 127 kwa 250, nafasi ya katikati, na katika Hisabati alikuwa na 43, alama ya juu kuliko zote darasani, daraja A pekee katika somo lililotushinda. Mwalimu wake wa Hisabati alikagua karatasi ile mara mbili kwa kutoamini. Hesabu zote zilikuwa zimeonyeshwa njia, hatua kwa hatua, maswali ya faida na hasara hakukosa hata moja. Mwaloni alikuwa ndiye anayewahesabia wachuuzi ndoo na fedha.

Paredi ya matokeo tuliiweka Jumatatu tarehe 15 asubuhi, kabla mitumbwi haijarudi yote majini, ili wazazi waweze kuja. Tangu Januari 2016, elimu ya msingi ilipokuwa bila malipo, michango ya lazima ilipigwa marufuku, kwa hiyo zawadi hazikutoka kwa kila mzazi. Waanikaji walijitolea wenyewe kupitia kamati, na kila kilicholetwa kiliandikwa kwenye daftari la kamati: kaunta buku, kalamu, miche ya sabuni. Tulisoma kumi bora tu. Kusoma majina mpaka wa mwisho mbele ya wazazi ni tabia ninayoipinga mpaka leo. Mtoto wa 81 haongezi alama kwa kuaibishwa, anaongeza siku za kutokuja.

Zawadi zilikuwa za namna tatu. Watatu wa kwanza. Bora wa kila somo. Na watatu waliopanda kuliko wote, waliopimwa kwa jumla ya alama dhidi ya mtihani wa mwisho walioufanya kweli, si kwa nafasi, kwa sababu mtoto anaweza kutoka 112 hadi 131 na bado nafasi yake ikashuka kama wenzake nao wamesoma. Msichana wa Hisabati alichukua kaunta buku ya somo. Mama yake alikuwepo, akasimama nyuma kabisa, na baada ya paredi akaja ofisini kuuliza vipindi vya jioni vinaisha saa ngapi.

Mtihani wa Taifa wa mwaka ule ulifanyika tarehe 6 na 7 Septemba, na mwezi ulipevuka tarehe 6 yenyewe, kwa hiyo mahudhurio hayakutupa shida. Mwaka 2018 haikuwa hivyo: mtihani ulikuwa tarehe 5 na 6 Septemba, siku chache tu kabla ya mwezi kuandama, giza lenyewe. Tarehe ya taifa haihami. Kamati ikaitisha kikao Agosti na wazazi wote wa darasa la saba wenye vichanja, wakapangana majina nani atamwangalizia nani dagaa kwa siku zile mbili, na orodha ikabandikwa mwaloni kwenye nguzo ya mzani, wanapopita wote.