Nimeenda kupanda bembea yenye jina la mdudu wa kahawa, Kolombia

Wadau habari za siku. Niliwaahidi picha za Kolombia, picha zinakuja ila kwanza niwasimulie hii Parque del Café maana mtu wa Kilimanjaro akifika pale lazima akili imruke kidogo. Ni bustani ya michezo, rola kosta (zile bembea za vigari vinavyokimbia kwenye reli za kupanda na kushuka), maboti, treni, makelele ya watoto, halafu kila kitu kimezungukia kahawa. Iko Montenegro, mkoa wa Quindío, karibu na mji wa Armenia (ndiyo, kuna Armenia huko pia). Unapanda basi dogo stendi ya Armenia linakushusha getini, njia nzima ni mibuni na migomba imechanganywa kama kihambani kwetu, nikawa namwambia mwenyeji wangu hapa ukiniwekea tu mtu anayekunywa mbege najua niko Kibosho.

Basi geti liko juu, michezo yenyewe iko bondeni. Kuna vigari vya kwenye waya vinakushusha ila sisi tulishuka kwa mguu na nawashauri mfanye hivyo, kwa sababu njia inapita katikati ya shamba la kahawa za aina mbalimbali, unakutana na nyumba ya mkulima ya zamani yenye baraza na madirisha ya rangi, vyombo vya kukobolea, sehemu ya kuanikia. Mashine ya kukoboa ya kuzungusha kwa mkono ni ileile ya babu jamani, ileile, watu wanapanga foleni kupiga nayo selfi na mimi nakumbuka tulivyokuwa tunakimbia zamu ya kuizungusha. Mama wa mwenyeji wangu akaniuliza, "Binti, kwenu nako kuna kahawa?" Nikamwambia mama kahawa imetokea kwetu Afrika, Ethiopia huko, akacheka akasema haya lakini ya kwetu ni tamu zaidi. Sikubishana na mtu mzima.

Sasa bembea. Kuna rola kosta inaitwa La Broca, miguu inaning'inia hewani. Broca ni yule mdudu mweusi mdogo kabisa anayetoboa buni na kutagia ndani, mkulima anakuja kuvuna anakuta punje zimeliwa. Asili yake ni Afrika, Kolombia aliingia mwaka 1988 akawatesa sana. Na wao wakachukua jina lake wakaliweka kwenye rola kosta watoto wapige kelele kwa furaha! Nilicheka peke yangu kwenye foleni. Hebu fikiria Moshi tuna bembea inaitwa Chulebuni, mzee mmoja wa kule kwetu si ataondoka na fimbo, ugonjwa uliomlazimisha kupiga dawa kila msimu mtu anaukatia tiketi.

Kilichonikaa zaidi lakini ni nani kaijenga. Siyo mwekezaji wa mahoteli, ni wakulima wenyewe, shirikisho lao la wakulima wa kahawa pamoja na kamati yao ya Quindío, wakaifungua 1995. Wazo la mwanzo lilikuwa makumbusho tu, na yapo bado, ila mambo yakakua. Shirikisho hilo limeanza 1927. Sisi chama cha wakulima wa Kilimanjaro, KNPA, kilianza 1925, baadaye 1933 ikawa KNCU, chama chetu cha ushirika, yaani tulitangulia! Sisemi tungejenga rola kosta, maana bei ya kahawa ikianguka huko kwetu watu wanang'oa mibuni wanapanda parachichi na wala huwezi kuwalaumu. Ila hata tulichonacho tumekielekeza kwa mgeni. Ukienda Materuni, kijiji cha kule kwetu Moshi, utatwangiwa kahawa kwenye kinu na nyimbo juu, raha sana, lakini angalia wanaotwangiwa ni kina nani. Pale Parque del Café niliowaona ni Wakolombia wenyewe, bibi na wajukuu, mashemeji, watu na mapoti yao ya chakula, wamekuja kuangalia maisha yao wenyewe na kuyafurahia. Mtoto wa Moshi mjini kahawa anaionea wapi? Kwenye pakiti.

Mchana kuna shoo ya ngoma, wasichana wamevaa kama wavunaji, sketi pana na kikapu kiunoni, wanacheza hadithi ya mavuno na mapenzi. Kihispania changu ni cha kununulia maji tu lakini nilielewa nani kamwacha nani. Msikose hii, wahini mapema mpate viti.

Kahawa yenyewe? Nilikunywa tinto, ile nyeusi ya kikombe kidogo, nzuri lakini nyepesi kuliko nilivyotarajia, bora aiskrimu ya kahawa nilirudia. Na Wahaya wangu mnaosoma, sikuona mahali watu wanatafuna buni, kwa hiyo Bukoba bado mna biashara hapo.

Mkienda nendeni katikati ya wiki, wikiendi foleni zinachosha, na mvua ya kule haipigi hodi kwa hiyo bebeni koti. Jioni msijifanye wanamichezo mkapanda kile kilima kwa miguu, panda kile kigari cha kwenye waya ukae utulie uone bonde lote. Kuna rola kosta nyingine inaitwa Krater, inakupindua kichwa chini. Hiyo mwenyeji wangu alipanda, mimi nilishika mikoba.