Tangawizi kwa tumbo la hedhi: usichuje, na usisubiri damu ianze

Kijipande cha tangawizi kinachotosha ncha ya kidole, kikichemshwa kwenye birika la watu sita, kinatoa chai nzuri, ila hakitulizi tumbo la hedhi. Ndipo watu wanaposema dawa ya bibi haina kitu. Dawa ipo. Wanakosea kiasi na siku ya kuanza.

Tumbo linakaza kwa sababu ya prostaglandini, kemikali zinazotoka kwenye utando wa ndani wa kizazi unapoanza kubanduka. Tangawizi inazipunguza, kama ifanyavyo ibuprofeni, dawa ya maumivu. Mwaka 2009, huko Iran, wanafunzi 150 waligawanywa: wengine walimeza unga wa tangawizi miligramu 250 mara nne kwa siku kwa siku tatu, wengine ibuprofeni, wengine asidi ya mefenamiki, nayo dawa ya maumivu. Nafuu yao ilikaribiana. Mwaka 2012, hukohuko, wengine 120 wakapewa ama tangawizi miligramu 500 mara tatu kwa siku ama vidonge visivyo na dawa. Tangawizi ilipunguza ukali wa maumivu, lakini kwa walioianza siku mbili kabla ya damu, hata muda wa maumivu ulifupika. Tafiti ni ndogo, ila hilo la siku mbili kwangu ndilo la kushika, dada. Hesabu tarehe zako.

Hapa Uganda tangawizi nyingi inatoka Butambala na Mpigi. Sokoni omba entangawuzi (tangawizi kwa Kiganda) iliyokomaa, yenye nyuzi ukiivunja. Isugue kwa maji, usiimenye, kata vipande vyembamba kama sarafu, anika kwenye ungo ulioinuliwa, kivulini penye upepo. Kipande kikipinda bado kina maji, na unga wake utaota ukungu koponi. Kilichokauka kinavunjika kwa mlio, ta! Twanga, chekecha. Mbichi ni maji karibu asilimia 80, kwa hiyo usishangae fungu zima likiishia kikombe.

Robo ya kijiko cha chai, kilichosawazishwa, ni kama nusu gramu. Koroga kwenye uji au chai ya vuguvugu, mara tatu kwa siku, baada ya kula, maana tumbo tupu linaleta kiungulia. Usichuje, kunywa na machicha yake: kwenye tafiti walimeza unga wenyewe. Wala usichanganye na emumbwa, udongo wenye miti ambayo vipimo vyake anavijua muuzaji peke yake.

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, au anayesubiri upasuaji, aiache. Tafiti hizo zilihusu maumivu ya kawaida ya hedhi, si ya uvimbe wa kizazi wala endometriosi, yaani utando kama wa kizazi kuota nje yake. Maumivu yanayozidi mwezi hadi mwezi yanahitaji kupimwa. Na hedhi ikichelewa, kisha upande mmoja wa tumbo ukauma na kizunguzungu kikaja, huenda mimba imetunga nje ya kizazi. Usipoteze saa kwenye kituo cha afya cha daraja la III, hakina chumba cha upasuaji. Nenda moja kwa moja daraja la IV au hospitali.