Nilivyoandika tasnifu ya uzamivu kuhusu kaya na siri zake zikabaki msituni

Nilipoanza utafiti wangu wa uzamivu kuhusu usimamizi wa misitu ya kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda wa pwani ya Kenya, mengi yalikuwa yameshaandikwa juu ya miti yake. Mimea imeorodheshwa, na kuanzia 1992 serikali ya Kenya imetangaza kaya nyingi kuwa kumbukumbu za taifa. Mwaka 2008 UNESCO ikaingiza maeneo 10 kwenye Urithi wa Dunia, yaliyotapakaa pwani kwa kilomita 200 hivi. Mimi nilitaka kujua jambo jingine: msitu huu unaendeshwaje siku hadi siku? Nani husema mti huu usikatwe, na asiposikilizwa hufanya nini?

Kibali cha NACOSTI, tume ya serikali inayoruhusu utafiti, barua ya chuo, kujitambulisha kwa chifu, hayo kila mtafiti anayapitia. Kibali chenyewe hasa kilikuwa cha wazee. Kaya yangu iko kaunti ya Kilifi, na jina silitaji kwa kuwa wao ndio walioniomba. Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingi nyuma yake kukiwa na ugomvi wa shamba. Kumwanika mzee kwenye maandishi si jambo dogo.

Nilikwenda na pombe ya mnazi na ugoro kama inavyostahili, nikakaa chini, nikaeleza shida yangu. Mwenyekiti akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, wewe ukishajua, sisi tunabaki na nini?"

Swali la haki kabisa. Vigango, zile nguzo zilizochongwa wanazosimikiwa wazee wa chama cha Gohu waliofariki, viliibwa kwa wingi vikaishia kwenye makumbusho ya Marekani. Watu walioibiwa namna hiyo wana sababu ya kumuuliza mgeni mwenye daftari anachotafuta. Nikamjibu, "Baba, kila nitakachoandika nitakuja kuwasomea kabla sijakipeleka chuoni. Mkisema kitoke, kitatoka." Tukakubaliana pia kwamba mpaka wa msitu niupime na niuchore ramani, ila mahali pa fingo, ile kinga iliyofukiwa ndani ya kaya, pasionekane popote katika kazi yangu.

Kilichofungua njia ni kuacha kuuliza kuhusu imani na kuomba kukaa kwenye kesi. Ukimuuliza mzee juu ya mizimu atakupa jibu analowapa wageni wote. Kaa pembeni kambi, yaani baraza la wazee, inapomhukumu mtu aliyekata mti, utaona sheria ikifanya kazi.

Kesi moja sitaisahau. Kijana alikamatwa na mzigo wa fito na boriti, ukatupwa chini mbele ya wazee, utomvu bado unatoka. Kabla ya yeyote kumhoji, mzee mmoja aliokota boriti akapitisha kidole gumba kwenye ncha yake. "Hili ni panga," akasema. Baadaye alinieleza: alama ya panga mara nyingi ni mtu anayejenga nyumba yake, lakini msumeno humaanisha biashara, na kuna mtu mwingine nyuma yake. Wawili hao hawatozwi sawa. Kijana huyu alitozwa mbuzi na kuku wa tambiko, na mjomba wake ndiye aliyelipa, akitokwa jasho kwa aibu.

Hapo ndipo tasnifu yangu ilipopata uti wa mgongo. Vijana wengi sasa ni Wakristo au Waislamu, na tambiko wanalitazama kwa mbali, lakini faini wanalipa kwa sababu mjomba na baba mkubwa wapo. Udugu ndio unaotia sheria ya kaya nguvu. Ndiyo maana mfanyabiashara wa mbao kutoka mbali haimpati: hana mjomba pale. Kwake yeye wazee huwaita maofisa wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na polisi, na tangazo la serikali husaidia palipoishia mkono wa kambi. Nashikilia kwamba kila upande peke yake ungeshindwa, na wanaodhani sheria ya serikali ingetosha hawajakaa kwenye kesi hata moja.

Kwenye utetezi wa tasnifu, mtahini mmoja aliuliza kwa nini ramani yangu haina kitu katikati. Nikamweleza yaliyotokea 1914, baada ya Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyeongoza upinzani, kuwaapisha Wagiriama, mojawapo ya jamii za Mijikenda, wasitii Waingereza: wakoloni waliilipua Kaya Fungo kwa baruti ili kuvunja nguvu ya watu. Wazee wanaoficha kitovu cha kaya wanajua vizuri wanachojikinga nacho. Ramani ikapita ilivyo.

Sura zote niliwasomea chini ya mwembe, nikitafsiri aya kwa aya. Waliondoa kisa kimoja kilichomgusa mtu aliye hai, wakanisahihisha mpangilio wa ngazi za wazee, na ramani wakaniomba niichapishe kubwa na kuitia plastiki. Muda si mrefu jirani mmoja akasogeza shamba lake la mihogo ndani ya mpaka. Wazee walimwita naibu wa chifu, wakatembea naye mpakani wakiwa na ramani mkononi. Jirani akaruhusiwa kuvuna alichopanda, kisha akarudi kwenye mstari wake.