Njia ya Kumbukumbu Ninayoitamani Pangani

Kwa muda mrefu nimetamani Pangani, mji wetu wa pwani ya Tanzania, uwe na njia ya kumbukumbu ambayo mgeni, na hata mtoto aliyezaliwa hapa, ataweza kuitembea kwa miguu asubuhi moja. Ningeianzia kwenye kivuko cha kuelekea Bweni, ng'ambo ya Mto Pangani, kwa sababu mji huu ulizaliwa na mto: misafara ya bara ilifikia hapa, ikileta pembe za ndovu pamoja na watu waliotiwa utumwani. Kisha ingepita kwenye boma la zamani na nyumba za kale, ambazo baadhi yake zinabomoka tukiziangalia.

Kituo ninachokijali kuliko vyote ni cha Abushiri bin Salim, aliyewaongoza watu wa pwani mwaka 1888 kuipinga Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipokuja kutwaa forodha na utawala, akanyongwa papa hapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Kibao chake kiandikwe kwanza kwa Kiswahili, na wazee wa mji wasikilizwe kabla fundi hajaanza kuchonga, maana habari za mitaa na visima zimo vinywani mwao.