Usishibie Eminönü: ziara ya chakula cha mtaani Istanbul

Mzigo wa nguo ukishafungwa Laleli na ndege ikawa ya kesho, mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh hubakiwa na siku nzima isiyo na kazi. Inatosha kabisa kwa ziara ya kula mtaani. Tramu ya T1 inapita hapo hapo Laleli na kukushusha Eminönü, kando ya Mısır Çarşısı, soko la viungo ambako ziara nyingi za asubuhi huanzia. Hudumu kwa muda wa saa nne hadi sita, kwa miguu, na sehemu nzuri zaidi iko ng'ambo: feri ya dakika ishirini hivi hadi Kadıköy, upande wa Asia.

Chakula chenyewe ukijinunulia ni rahisi. Unacholipia ni mtu anayejua kibanda kipi mafuta yake hayajachoka, anayeweza kuagiza vipande vidogo, na anayekwambia ndani mna nini. Ndiyo maana kiongozi ni muhimu kuliko orodha ya vyakula. Uturuki kazi hii ina sheria yake, Na. 6326 ya mwaka 2012, na mwenye leseni huvaa kitambulisho kinachoitwa kokart. Kabla ya kulipa, uliza kundi ni la watu wangapi (wakizidi kumi, kibandani utasikia nusu ya maelezo), nauli ya feri imo au haimo, na kama kuna kituo cha pombe. Ziara za jioni mara nyingi hupitia meyhane, baa ya Kituruki, na huko meza huandaliwa kwa ajili ya rakı, pombe kali yao. Kama unataka na Kapalıçarşı, lile soko kubwa lililoezekwa, siku hiyo hiyo, usiweke Jumapili, hufungwa.

Kosa la karibu kila mgeni ni lile lile: kushiba mapema. Meza ya kahvaltı, kifungua kinywa chao, inakuja na zeituni, jibini, mayai, kaymak (malai nzito) ya kupaka na asali, na kikapu cha mkate kinachojazwa kila kikiisha. Chukua kaymak na asali, onja jibini mbili, mkate uache. Simit, ile duara ya ngano iliyochovywa kwenye maji ya pekmez (asali nzito ya zabibu) kisha ikavingirishwa kwenye ufuta, gawaneni moja watu wawili. Samaki wa balık ekmek, mkate wa samaki, wa pale Eminönü ni jamii ya vibua, na kwa kawaida hutoka Norway akiwa amegandishwa, kwa hiyo usimlipie kama samaki wa Bosphorus. Miiba haiishi hata akifunguliwa vizuri, mtafune polepole.

Kadıköy ndiko tumbo linapaswa kufika likiwa na nafasi. Anza na midye dolma: kome wa magamba meusi, amejazwa wali wenye viungo, pilipili manga na wakati mwingine zabibu kavu. Muuzaji huvunja gamba la juu, hulitumia kama kijiko kuuchota wali na nyama ya chini, hukamua limau, hukupa. Ukimaliza anakupa jingine bila kuuliza. Mwishoni anahesabu magamba na kukudai kwa idadi, kwa hiyo sema "tamam", yaani inatosha, mapema. Hatari yake iko mara mbili. Kome huchuja maji ya bahari na kubaki na kilichomo, na wali uliopikwa ukikaa kwenye joto bakteria huzaana haraka. Sinia lililo juani mwezi Julai lipite. Chagua duka lenye friji na wateja wengi, maana hapo hakuna kinacholala. Waislamu wa madhehebu ya Shafii wa pwani yetu hawana neno na kome. Madhehebu ya Hanafi, yanayofuatwa na Waturuki wengi, hayamruhusu, na foleni haipungui hata hivyo. Wa kukaanga, midye tava, ni suala jingine: wapo wanaokoroga unga wake na bia. Mwombe kiongozi aulize.

Kisha kokoreç. Ni utumbo wa mwanakondoo uliozungushwa kwenye mtaimbo juu ya mafuta na vitu vya ndani, ukachomwa ukilazwa juu ya mkaa. Mpishi hukata kipande, hukilaza kwenye bamba la chuma na kukikatakata kwa kisu kizito hadi kiwe chembe, huku akinyunyiza pul biber (pilipili ya chenga) na kekik (jani kavu la kiungo). Aliyekulia mutura, soseji ya utumbo ya Kenya, hatashtushwa na harufu. Agiza "çeyrek", robo mkate; "yarım" ni nusu, na nusu inakumaliza. Utumbo ulioiva vizuri una ukoko wa hudhurungi na unakatika kwa jino. Ukivutika kama mpira, au ukiwa mweupe katikati, uache tu, hakuna atakayekasirika. Pilipili yao haiwaki kama ya kwetu, ina utamu kidogo, kwa hiyo usiogope neno "acılı", yenye pilipili.

Çiğ köfte ya mitaani siku hizi ni chenga za ngano, nyanya ya kopo na pilipili, zimekandwa kwa mkono bila nyama, japo jina lake linasema nyama mbichi. Hiyo hata asiyekula nyama anakula salama. Turşu suyu, maji ya achari, na şalgam ya karoti za zambarau zilizochachushwa zina chumvi nyingi mno. Mwenye presha aonje tu. Ayran, mtindi mwepesi wa kunywa, ndiyo inayotuliza tumbo.

Kwenye künefe usingojee picha. Ni tambi nyembamba na jibini ndani, zimemwagiwa shira, na jibini ikipoa hugeuka mpira.

Vya kuonja hulipwa na kiongozi. Wewe beba lira taslimu kwa vya ziada na kwa bahşiş, ambayo ni bakshishi yetu ile ile. Beba pia pakiti mbili za ORS, na maji nunua ya chupa.

Ukirudi jioni ya baridi na tumbo lina nafasi bado, pita Vefa, si mbali kwa miguu kutoka Laleli. Vefa Bozacısı iko hapo tangu 1876, na bilauri aliyonywea Atatürk, mwasisi wa Jamhuri ya Uturuki, mwaka 1937 wameiweka ukutani. Boza yao ni nafaka iliyochachushwa, nzito, ina mdalasini juu. Mnywaji wa togwa ataijua kwa kijiko cha kwanza, isipokuwa hii ina uchachu mkali zaidi na chembe ya kilevi cha asili. Dengu za kukaanga, leblebi, zinauzwa duka la ng'ambo ya barabara. Nunua kwanza, ndipo uingie.